Nadhiri ya Baharini: Historia ya Shirika la Helen Keller na Viongozi Wake

Alasiri ya tarehe 7 Mei 1915, merikebu ya abiria iitwayo Lusitania, iliyokuwa ikitoka New York kwenda Liverpool, ilipigwa kombora na nyambizi ya Kijerumani karibu na pwani ya Ayalandi, ikazama kwa muda wa dakika zipatazo kumi na nane, na watu takriban 1,200 wakaghariki. Miongoni mwa waliookolewa alikuwamo George Kessler, tajiri wa New York na wakala wa mvinyo wa Kifaransa katika Marekani, mtu ambaye sifa yake hadi siku ile ilikuwa sifa ya anasa: miaka kumi kabla ya hapo, kwa kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa, aliamuru ua wa hoteli ya Savoy mjini London ujazwe maji, akawakaribisha wageni wake wale chakula ndani ya mashua iliyopambwa kwa maua huku mwimbaji Enrico Caruso akiwatumbuiza. Mtu huyo aliyezoea kuyaona maji kuwa pambo la karamu alijikuta sasa katika bahari ya baridi akipigania roho yake, na humo, kama wanavyosimulia waliokuja kuirithi kazi yake, aliweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimjalia kutoka salama, umri wake uliosalia na mali yake atavitoa kwa ajili ya wahanga wa vita.

Nadhiri za baharini ni nyingi, na aghalabu husahauliwa nguo zikikauka. Kessler hakuisahau yake. Alipokuwa London akiuguza mwili wake, alikutana na Sir Arthur Pearson, mwasisi wa gazeti la Daily Express, ambaye presha ya macho ilikuwa imempofusha, naye badala ya kujifungia nyumbani akafungua makao ya St Dunstan's ili askari waliopoteza macho vitani wafundishwe kusoma kwa vidole, kufanya kazi za mikono na kujitegemea. Hapo Kessler aliona kwa macho yake jambo ambalo watu wengi wa zama zile hawakuwa wakilisadiki, yaani kwamba kipofu hahitaji huruma kwanza, bali mafunzo. Mwaka ule ule wa 1915, yeye na mkewe Cora Parsons Kessler wakaanzisha hazina ya kuwasaidia askari wa Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji waliopofuka, na wakamwomba Bibi Helen Keller, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha enea ulimwenguni, awe mmoja wa wadhamini wa mwanzo. Kutokana na hazina hiyo ndipo lilipozaliwa shirika ambalo leo lina zaidi ya miaka mia moja na kumi, na ambalo kazi yake imewafikia watoto wa Asia na wa Afrika, wa Dodoma na wa Niger, watoto ambao Kessler hakupata hata kuwawazia.

Mwandishi wa historia ya taasisi kama hii hushawishika kuhesabu majengo, fedha na idadi ya nchi. Hayo yana mahali pake, lakini jambo linalostahili kutafakariwa zaidi ni uongozi: ilikuwaje amana hii ipite mikononi mwa watu wengi, wa tabia na elimu mbalimbali, katika vita viwili vikuu na misukosuko mingi, pasipo kuvunjika? Jibu tunaloliona katika historia yake ni kwamba kila kizazi cha viongozi wake kiliishika nadhiri na kikakubali kuiacha njia. Waliacha kazi waliyokuwa wakiifanya vyema na kusifiwa kwayo, kila walipotambua kwamba haja ya wanadamu imehamia mahali pengine.

Kwanza yatupasa kumweleza huyo ambaye shirika limeitwa kwa jina lake. Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, akawa na macho na masikio timamu mpaka alipotimiza miezi kumi na tisa, maradhi yalipomwondolea vyote viwili. Mwezi Machi 1887 aliletewa mwalimu, Anne Sullivan, binti maskini aliyelelewa katika nyumba ya mafukara, na ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yameharibiwa tangu utotoni na trakoma, ugonjwa tunaouita vikope. Mwalimu huyo alimfundisha mtoto kwa kumwandikia herufi katika kiganja cha mkono, na mwaka 1904 mwanafunzi wake akahitimu shahada katika Chuo cha Radcliffe, jambo ambalo hakuna kiziwi-kipofu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Ilipombidi kumsikiliza mtu, Helen alimwekea mkono usoni, kidole gumba kooni pa msemaji, cha shahada midomoni, na cha kati ubavuni mwa pua, akayapokea maneno kwa mtetemo na mwendo wa midomo. Wafalme, marais na watoto wa shule wote walisikilizwa hivyo hivyo, kwa mkono ule ule.

Hazina ya Kessler iliandikishwa rasmi New York mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha, na mwaka uliofuata Kessler akafariki dunia. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza, kwa kuwa mashirika mengi yaliyozaliwa na vita yalikufa amani iliporudi, na lile linaloishi kwa mapenzi ya mtu mmoja huzikwa naye. Wadhamini waliosalia wangeweza kugawa fedha zilizobaki na kufunga daftari. Badala yake waliangalia ni kitu gani ambacho askari waliopofuka, na pamoja nao vipofu wa kawaida ambao hawakupata kuona vita, walikikosa kuliko vyote, wakaona ni vitabu. Basi mwaka 1925 hazina ikageuzwa kuwa taasisi ya uchapishaji wa maandishi ya nukta nundu, yenye mitambo yake mjini Paris, chini ya urais wa William Nelson Cromwell, mwanasheria mashuhuri wa New York aliyejulikana kwa shughuli za Mfereji wa Panama. Jina jipya la taasisi liliwataja pamoja vipofu wa vita na vipofu raia, na hilo lilikuwa hatua kubwa kuliko ilivyoonekana, maana lilifuta mpaka kati ya kipofu shujaa na kipofu asiye na nishani.

Kazi ya mitambo ya Paris haikuwa nyepesi. Kitabu cha nukta nundu ni kikubwa na kizito, hadithi moja ya kawaida hugeuka kuwa majuzuu kadhaa, na kila ukurasa hauna budi kupigwa katika bamba la chuma kabla haujachapwa juu ya karatasi nene. Walichapisha kwa lugha kadhaa za Ulaya, na mwaka 1929 wakawaita wataalamu wa mataifa mbalimbali Paris ili wakubaliane namna moja ya kuandika muziki kwa nukta nundu, kwa kuwa hadi wakati huo mpiga kinanda kipofu wa nchi moja hakuweza kusoma noti zilizochapishwa katika nchi ya jirani. Ni katika mambo ya namna hii, yasiyopigiwa ngoma, kwamba taasisi hupata heshima yake ya kweli miongoni mwa wale inaowahudumia.

Vita vya Pili vya Dunia viliivuruga Ulaya na kuikatiza kazi hiyo, na vilipokwisha, viongozi walijikuta mbele ya swali lile lile la mwaka 1919, ila safari hii kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1946 taasisi ikapewa umbo jipya na jina jipya, ikawa shirika la Kimarekani la vipofu wa ng'ambo, lililofungamana kwa karibu na shirika la vipofu wa Marekani kwenyewe ambalo Helen Keller alikuwa akilitumikia kwa miaka mingi. Mwaka huo huo, hapa kwetu Afrika Mashariki, Jeshi la Wokovu lilikuwa likianza shule ya vipofu ya Thika, na mwaka 1950 Kanisa la Anglikana likafungua shule ya Buigiri katika Dodoma. Hatutaji hayo kwa kudai kwamba shule hizo zilitoka katika mkono mmoja na shirika la New York. Twayataja ili msomaji aone kwamba fikira ya kumsomesha kipofu ilikuwa imeiva pande nyingi kwa wakati mmoja, na kwamba ulimwengu ulihitaji mtu wa kuisemea mbele ya watawala.

Mtu huyo alikuwa Helen Keller. Kati ya mwaka 1946 na mwaka 1957 alizuru nchi 35 katika mabara matano, akisindikizwa na katibu wake Polly Thomson, kwa kuwa mwalimu wake Anne Sullivan alikuwa amefariki mwaka 1936. Mwaka 1948 alifika Japani, akaenda Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 1951 akazuru Afrika Kusini. Mwaka 1952 akapita Misri, Lebanoni, Shamu, Yordani na Israeli. Na mwaka 1955, akiwa na umri wa karibu miaka 75, alifanya safari ya Asia iliyochukua miezi mitano na kufikia maili 40,000. Hakwenda kutalii. Katika kila nchi alionana na wakuu wa serikali, akawauliza shule za vipofu ziko wapi, zina watoto wangapi, na kwa nini wengine wamebaki nyumbani; na ni vigumu kwa waziri yeyote kumjibu kwamba kipofu hasomeki, ilhali aliyeuliza ni mwanamke asiyeona wala kusikia, mwenye shahada na vitabu alivyovitunga mwenyewe. Uongozi wake haukuwa wa kuandika bajeti wala kuendesha ofisi. Ulikuwa uongozi wa kuhudhuria, wa kuwa yeye mwenyewe hoja na ushahidi.

Katika miaka hiyo kulikuwa na kazi nyingine ya ndani zaidi. Lugha nyingi za Asia na Afrika ama hazikuwa na nukta nundu hata kidogo, au zilikuwa nazo za namna mbili tatu zinazopingana, na UNESCO ikajitwika kuzipatanisha, ikamtegemea Sir Clutha Mackenzie, Mnyuzilandi aliyepofuka katika vita vya Gallipoli mwaka 1915 na kusomeshwa St Dunstan's, pale pale Kessler alipopata mwanga wa kazi yake. Hivyo waliopofuka katika mwaka ulioizaa taasisi hii ndio waliokuja kuwa walimu wa ulimwengu, na ule mnyororo wa hisani uliofungwa London ukafika mbali kuliko ilivyodhaniwa.

Helen Keller alifariki tarehe 1 Juni 1968, na kwa mara ya pili taasisi ikafiwa na mtu aliyekuwa roho yake. Ingekuwa rahisi kuifanya iwe hekalu la kumkumbuka. Viongozi wa miaka ya 1970 walichagua njia ngumu zaidi: walijiuliza kama yafaa kuendelea kumfundisha mtoto aliyekwisha pofuka kusoma kwa vidole, ilhali watoto wengi zaidi wanapofuka kila mwaka kwa sababu ambazo zingeweza kuzuilika. Wajenzi wa shule za vipofu walipoamua kuhamishia nguvu zao katika kuzuia upofu, walikuwa wakiiacha kazi waliyoijua kwa muda wa miaka sitini, na kuingia katika ilimu ya tiba na lishe waliyokuwa wageni kwayo. Mwaka 1977 shirika likachukua rasmi jina la Helen Keller, kana kwamba kwa kulivaa jina hilo wakati huo lilitaka kuthibitisha kwamba kuubadili mwendo hakukuwa kumsaliti mwenye jina.

Adui waliyemkabili alikuwa ukosefu wa vitamini A. Vitamini hii hupatikana katika maini, mayai na maziwa, na mwili huweza kuitengeneza kutokana na mboga za majani mabichi, maembe, mapapai na mawese. Ikipatikana kwa wingi, ini huiweka akiba ya miezi kadhaa. Mtoto anayekula uji mtupu au wali mtupu siku zote huimaliza akiba hiyo. Dalili ya kwanza mama huiona magharibi, pale mtoto aliyekuwa akikimbia mchana kutwa anapoketi mahali pamoja jua likitua, na akiitwa huja kwa kupapasa ukuta. Baadaye uso wa jicho hukauka, mabaka meupe kama povu hutokea pembeni mwa jicho, na mtoto akipatwa na surua au kuhara, kioo cha jicho huweza kulainika na kupasuka kwa muda wa siku chache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa sababu hii, na kwamba nusu yao hufa kabla ya mwaka kupita tangu kupofuka.

Kwa nini hufa? Swali hilo lilijibiwa Indonesia, katika utafiti ambao shirika hili lilikuwa mshirika wake pamoja na serikali ya nchi hiyo, na ambao ulimhusisha Alfred Sommer, daktari wa macho kutoka Marekani, na wenzake wa Kiindonesia kama Ignatius Tarwotjo. Katika miaka ya 1970 walikuwa wamewapima watoto wadogo wa vijijini kila baada ya miezi mitatu kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, kwa nia ya kujua jinsi macho yanavyoharibika. Miaka baadaye, Sommer alipokuwa akizipitia hesabu zile kwa mara nyingine, aligundua kwamba watoto wenye dalili ndogo tu za macho walikuwa wakitoweka katika daftari kabla ya duru iliyofuata, nao walitoweka kwa sababu walikufa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba walikufa kwa kiwango cha wastani mara nne kuliko wenzao wenye macho mazima. Wengi katika wataalamu walikataa kusadiki. Ndipo likafanywa jaribio kubwa huko Aceh, kaskazini mwa Sumatra, katika vijiji 450 na kwa watoto wapatao 26,000, nusu ya vijiji vikipewa vitamini A na nusu vikisubiri. Na ilipochapishwa hesabu yake mwaka 1986, vifo katika vijiji vilivyopewa vilikuwa pungufu kwa asilimia 34.

Ushahidi mwingine ulitoka kwetu Tanzania. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, madaktari John Barclay na Allen Foster, pamoja na Sommer, waliwagawa watoto 180 waliolazwa kwa surua katika makundi mawili, wote wakipata matibabu ya kawaida, lakini kundi moja likaongezewa vitamini A mara mbili, siku ya kulazwa na siku ya pili. Katika watoto 92 ambao hawakupewa, 12 walifariki. Katika 88 waliopewa, walifariki 6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1987, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yakashauri kwamba watoto wenye surua katika nchi zenye upungufu huo wapewe vitamini A. Wodi ya Mvumi ilikuwa imewasemea watoto wa dunia nzima.

Mbele ya ushahidi wa namna hiyo, viongozi wa shirika walitambua jambo lililokuwa kubwa kuliko walivyolitazamia walipoiacha kazi ya shule: walidhani wameingia katika vita vya kuokoa macho, kumbe walikuwa katika vita vya kuokoa roho. Kazi iliyofuata ilikuwa kuyapeleka maarifa hayo mpaka mlangoni pa kila nyumba, nayo ni kazi ambayo msomaji wetu pengine ameiona akiwa amempakata mtoto wake. Muuguzi huichukua kapsuli ndogo laini, ya buluu kwa mtoto wa miezi sita mpaka kumi na mmoja, nyekundu kwa aliyetimiza mwaka, huikata chuchu yake kwa mkasi, humtaka mama ambane mtoto mashavu taratibu, kisha huyaminya mafuta yale kinywani, halafu kapsuli tupu huitupa ndooni na jina la mtoto hutiwa alama katika daftari. Hayo yote hayatimizi dakika mbili. Matone hayo yampasa mtoto kuyapata mara mbili kwa mwaka mpaka atimize miaka mitano, na kwa hiyo Tanzania imeweka mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, na Kenya ikaweka majuma yake ya Malezi Bora mwezi Mei na mwezi Novemba. Shirika la Helen Keller halikuwa peke yake katika amali hiyo, maana serikali, UNICEF na Kanada wana sehemu kubwa ndani yake. Fadhila yake ni kwamba lilikaa kando ya wizara za afya katika nchi nyingi, likisaidia kupanga, kuhesabu, na kuwatafuta watoto ambao hawakufika.

Na hata hivyo viongozi wake hawakulewa na kapsuli. Walijua kwamba matone ni kinga, na kwamba mtoto huishi kwa chakula. Nchini Bangladeshi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliwasaidia akina mama kulima bustani ndogo zinazozaa mboga mwaka mzima badala ya msimu mmoja, na baadaye kufuga kuku kando yake, na bustani hizo zikaenea katika nchi nyingine za Asia na Afrika. Katika Afrika Magharibi walishirikiana na serikali na wenye viwanda ili mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A kabla hayajafika sokoni. Na katika nchi zetu walishika mkono harakati za viazi lishe, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, ambavyo kiazi kimoja cha kadiri humtosha mtoto mahitaji yake ya siku. Kazi hiyo ya viazi ndiyo ambayo mwaka 2016 iliwapatia Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu Tuzo ya Chakula ya Dunia. Viazi vyeupe vilikuwa vimezoeleka, na mkulima hapandi mbegu kwa kuwa ni dawa. Hupanda kwa kuwa inazaa vyema, ina soko, na watoto wanaipenda. Kuyajua hayo na kuyaheshimu ni sehemu ya uongozi.

Shaka nazo zilikuja, kama zinavyozijia kazi zote za haki. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika India kwa watoto wapatao milioni moja, nayo hayakuonyesha upungufu wa vifo uliofanana na ule wa Aceh. Wapo waliosema kwamba matone yamepitwa na wakati. Wengine wakasema kwamba jaribio lile halikusimamiwa vya kutosha. Majaribio yote yalipokusanywa pamoja na kupimwa upya mwaka 2017, makisio ya upungufu wa vifo yalishuka mpaka asilimia 12, kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini ni roho nyingi mno kwa gharama ndogo. Shirika liliendelea na matone pale ambapo upungufu ungali mkubwa, na mwaka huo huo wa 2017 wapimaji huru wa mashirika ya hisani, GiveWell, wakaiweka kazi hiyo miongoni mwa zile wanazozipendekeza kuliko zote. Kiongozi mwadilifu haogopi hesabu mpya, hata ikimpunguzia sifa.

Kadhalika shirika liliingia katika vita dhidi ya maradhi ya mafukara yanayoharibu macho. Usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa mito ya kasi, uliwafanya watu wa Afrika Magharibi wahame mabonde yenye rutuba. Na tangu kampuni ya Merck ilipojitolea mwaka 1987 kutoa dawa ya ivermectin bure, kilichobaki kilikuwa kuifikisha kijijini mwaka baada ya mwaka, kazi ambayo shirika hili liliisaidia katika Niger, Mali, Burkina Faso na Kamerun. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Niger, ya kwanza katika Afrika, imeutokomeza usubi. Na vikope, ule ugonjwa uliomharibu macho Anne Sullivan utotoni, umekuwa shabaha ya wapasuaji na wagawa dawa wanaofanya kazi kwa jina la mwanafunzi wake. Hatujui kama walioandika mipango hiyo walikuwa wakilikumbuka hilo, lakini deni la mwalimu limelipwa mahali panapostahili.

Tarehe 11 Septemba 2001 makao makuu ya shirika, yaliyokuwa katika jengo la 90 West Street mjini New York, ubavuni mwa minara iliyoangushwa siku ile, yaliteketea, na pamoja nayo zikapotea barua, picha na kumbukumbu za Helen Keller zisizoweza kupatikana tena. Taasisi iliyozaliwa na shambulio la vita ikachomwa na shambulio jingine, na kumbukumbu zake nyingi zikawa majivu. Kazi haikusimama, kwa sababu kazi haikuwa imewekwa katika jengo lile; ilikuwa Dakar, Jakarta, Dhaka na Bamako, mikononi mwa wataalamu ambao wengi wao ni wananchi wa nchi hizo hizo. Kathy Spahn, aliyeliongoza shirika tangu mwaka 2005 mpaka mwaka 2023 baada ya kuliongoza shirika la macho la ORBIS, alilikuza katika misingi hiyo ya macho, lishe na maradhi ya mafukara, na katika zama zake, mwaka 2009, shirika likapewa Tuzo ya Champalimaud, moja katika tuzo kubwa kuliko zote za tiba ya macho. Sarah Bouchie aliyemrithi mwaka 2023 alipokea usukani muda mfupi tu kabla ya tufani, maana mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya ng'ambo, na mashirika ya namna hii yote yakatikiswa.

Tufani hiyo yatuleta katika somo ambalo historia hii inatufundisha sisi tulio upande wa kupokea. Kessler aliacha anasa, warithi wake wakawaacha askari kwa ajili ya vipofu wote, wachapaji wakaacha mitambo kwa ajili ya shule, wajenzi wa shule wakaiacha shule kwa ajili ya kinga, na waganga wa macho wakakubali kwamba dawa yao iko shambani na jikoni. Limebaki jambo moja la kuacha, lililo gumu kuliko yote kwa shirika lolote la wahisani, nalo ni kuuacha uongozi wenyewe mikononi mwa serikali na wananchi wa nchi husika. Hilo haliwezi kutimizwa na New York peke yake. Tanzania ilianza kulijibu mwezi Desemba 2017, wakuu wa mikoa walipotia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikaagizwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fedha hizo si nyingi, na si kila halmashauri imezitenga zote kama ilivyoagizwa. Lakini diwani anayezidai katika kikao cha bajeti, na mganga wa zahanati anayehakikisha kwamba kapsuli zimefika kabla ya Juni, hao sasa ndio warithi wa nadhiri ile, na kwa namna watakavyoitimiza ndivyo uongozi wa miaka hii mia moja na kumi utakavyohukumiwa.